Miaka Kumi Uliyoikata, Mama

Mama,

Leo nimempeleka mama mdogo Zaituni hospitali, na nimerudi nimekukasirikia. Sikutaka kuanza hivi. Nilipanga kukuambia kwanza kwamba kaburi limejengewa vizuri, kwamba Baba amestaafu uaskari jela, ametoka kambi ya gereza la Luzira na sasa anaishi kwa kaka yake Gulu, na kwamba mimi nimepanga chumba Kasubi. Yote hayo ni kweli. Lakini si hayo yaliyonikaa kooni.

Unakumbuka asubuhi ile ulipotoka bafuni? Ilikuwa imepita miaka minne bila wewe kuona siku zako. Ukanivuta pembeni ukaniambia kwa sauti ya chini, "Aber, mwezi yangu imerudi." Ulikuwa na aibu, na ulikuwa na furaha kidogo pia, niliiona. Mama Okot wa nyumba ya pili alipopata habari alikutania bombani mbele ya wake wote wa maaskari: "Kumbe wewe narudi msichana! Mzee ajipange." Mlicheka mpaka ndoo ikafurika. Na mimi nilicheka. Nina cheti cha chuo, Mama, na nilisimama pale nikacheka.

Halafu damu haikukoma. Wiki moja inakuja, wiki mbili hakuna, inarudi. Kila nikikuomba twende hospitali ulinijibu vilevile: "Hiyo mambo ya ndani hapana sema kwa watu." Na ulikuwa na ile kadi ya kipimo cha mlango wa kizazi, uliyopewa siku madaktari walipokuja kambini, iliyosema u mzima. Uliitunza ndani ya Kurani yako. Ningekubishia kwa lipi, wakati hata mimi niliiamini?

Tulipofika kwenye kile kituo cha afya, muuguzi alinipa fomu nikujazie. Nikatoa kitambulisho chako nikanakili tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo. Ndivyo tunavyofundishwa kazini kwangu, masjala: karani habuni, karani ananakili. Kitambulisho kilisema una miaka arobaini na sita.

Ulikuwa na hamsini na sita. Nilijua. Wewe na Zaituni mlikata miaka kumi kila mmoja, siku moja, mbele ya ofisa mmoja, kwa sababu wewe ulitaka kazi ya upishi kwenye shule ya kambi na walikuwa hawachukui mtu wa umri mkubwa. Yeye alikata kukusindikiza tu. Lilikuwa jambo la kuchekesha nyumbani. Uliniambia, "Ngoja kidogo, Aber, kwa karatasi nitakuwa mdogo wako." Miaka yote hiyo ilikuwa mzaha, na siku ile haikunijia akilini hata kidogo. Mkono uliandika wenyewe.

Muuguzi akaisoma fomu. "Ni kawaida, nnyabo," akaniambia, akiniita bibi kwa Kiganda. "Kabla siku hazijakoma, zinatangatanga." Akatupa vidonge vya kuongeza damu. Tukarudi nyumbani tumefarijika, Mama, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kwa miezi minane tulikuwa tumefarijika.

Daktari wa hospitali kubwa ndiye aliyekutazama uso, akaitazama karatasi, akauliza, "Huyu mama ana miaka mingapi hasa?" Ukanitazama. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

Hukufuata Kiingereza chake, na mimi nilikutafsiria nusu tu. Sikiliza sasa nusu nyingine. Alisema mwanamke ambaye siku zake zimekwisha, akiona damu tena, hata tone, hata mara moja, huo si mwezi. Mara nyingi chanzo huwa kidogo, lakini lazima kitafutwe, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya utando wa ndani ya mfuko wa uzazi. Alisema kipimo cha mlango hukagua mlango, chumbani hakifiki. Kinachotakiwa ni picha ya kuangalia unene wa utando, na kipande kidogo kuchukuliwa kikapimwe. Alisema hata kwa mtu wa miaka arobaini na sita damu ya namna ile ilistahili kuchunguzwa. Kwa hiyo muuguzi naye alikosea. Lakini mimi ndiye niliyempa karatasi ya kukosea nayo.

Akaanza kuuliza. Sukari? Ndiyo. Presha? Ndiyo. Watoto wangapi? Mmoja. Siku zilichelewa kukoma? Ndiyo, ukiwa na hamsini na mbili. Akagusia mwili wako, akasema mafuta ya mwili hutengeneza homoni inayoulisha utando ule. Nikakasirika, kwa niaba yako. Tangu nikiwa mtoto ulikuwa unaniwekea kijiko cha pili cha posho, ugali wetu, ukisema nisikonde watu wakafikiri nyumbani hakuna chakula. Kambi nzima ilikusifu kwa unene wako. Nani alituambia una hatari? Mabango ya malaria tumeyaona kila ukuta. La hili sijaliona hata moja.

Mwisho akauliza kama kuna ndugu aliyekufa kwa saratani. Nikamtaja mjomba Juma na utumbo wake, aliyetutoka akiwa kijana. Akaliandika hilo. Akasema utumbo na mfuko wa uzazi wakati mwingine hufuatana katika ukoo mmoja, hivyo dada zako na mimi tujulishwe na tuchunguzwe. Vipimo vyako vilipotoka, saratani ilikuwa imeshatoka nje ya mfuko. Ingepatikana ikiwa bado ndani, alisema, wengi huondolewa kizazi wakapona.

Sikumwambia mtu. Mwaka mzima, Mama. Niliona aibu ya kutamka kizazi mbele ya dada zako, na nilikuwa naogopa kwa ajili yangu. Nikawa karani wa siri yako.

Juzi nilipita soko la Kalerwe kununua nyanya kwa mama mdogo. Akaniinamia juu ya meza yake, akicheka, akaniambia mwezi wake umerudi. Maneno yaleyale. Nyanya zilinitoka mkononi. Nikamwambia maneno ya daktari palepale, kwa sauti, wateja wakisikia. Alinitukana kidogo, kisha akakaa juu ya kreti.

Leo mapokezi aliwapa kitambulisho chake. Nikasema, "Hiyo si miaka yake. Ongeza kumi." Akanifinya paja. "Unataka nifungwe kwa uongo? Nikipelekwa Luzira nani atauza nyanya?" Mwandishi wa mapokezi akacheka, akaandika yote mawili. Picha ilionyesha utando mnene. Kipande kimechukuliwa. Aliumia, akanishika mkono. Tulipofika barabarani akaniuliza kama dada yake naye alishikwa mkono. Nikasema ndiyo. Ilikuwa uongo. Kwako hatukufika pale mapema hivyo, na kipande kilipochukuliwa nilikuwa nje nikijaza fomu.

Nisamehe. Nami najaribu kukusamehe kwa kunifundisha kunyamaza.

Pumzika, Mama. Majibu yatatoka baada ya wiki mbili. Nitayasoma mbele yake, kila neno, kwa Kiswahili, bila kuacha nusu. Na mimi mwenyewe, ambaye siku zangu hupotea miezi mitatu na nimekuwa nikikwambia kaburini kwamba ni kazi nyingi, nimepewa nafasi ya kuchunguzwa Jumatatu, kwenye kliniki ya wanawake. Mara mbili nimefika kwenye lango la kliniki ile nikageuka. Jumatatu mama mdogo ananisindikiza. Amesema nikigeuka atanifinya mpaka ndani.

Mwanao,
Aber