House ao home

Jumatatu, 7 Machi 1983
Germain amerudi kutoka darasa la Kiingereza anacheka peke yake. Bwana yangu huyu, anayerudi kila siku toka bandarini amenuna! Eti Mwalimu Odile amewafundisha maneno mawili. House njo ukuta, bati, mulango. Home njo pale unapongojewa. Nikamwambia, sisi tunasema nyumba kwa yote mawili na hatujapotea. Akasema Odile anaeleza vizuri.

Odile! Juma lililopita alikuwa bado Madame.

Jumatano, 9 Machi
Wivu unaniuma, niseme nini? Sokoni jirani yangu Lucie ameniambia huyo Odile hana bwana, alirudi toka Kigoma na valizi mbili na Kiingereza chake. Halafu akaniuliza kama ninalala vizuri siku hizi. Muchawi yule! Najua alitaka kusema Germain amefungua biro ya pili, mwanamuke wa inje.

Mezani nimemuuliza Germain: mimi ni ipi, house ao home? Akasema, Mama Camille, kula, bukari inapoa.

Ijumaa, 11 Machi
Ananyoa ndevu kabla ya darasa. Jioni! Kwa nani?

Kila siku ninamungoja, chakula kimefunikwa. Basi home ni hapa. Ao kuna mwingine anayemungoja?

Jumapili, 13 Machi
Amemualika kula. Kwangu! Hakuniuliza. Nimechinja kuku. Niko jikoni, nyuma ya nyumba, chungu kiko kwenye mbabula – ninaandika ili nisiingie mule na upawa. Wako saluni, chumba cha wageni, dirisha wazi. Odile anasifu mapazia. Niliyashona mimi! Ana sauti nzuri, Mungu anisamehe.

Sasa anamuuliza kitu kwa Kiingereza. Sijui maneno mengine, lakini yale mawili nimeyashika. House? Home?

Germain amekohoa. Kisha: house.

Wamecheka. Wote wawili.

Anaita – Mama Camille, firigisi umupe Mwalimu! Firigisi! Ya mwenye nyumba! Tangu tuoane ninamuwekea yeye, juu kabisa ya sahani. Mimi mwanamuke sijawahi hata kuilamba. Leo ale huyu?

Nimeitoa chunguni na moto wake. Nimeitia kinywani. Ngumu kidogo, tamu sana.

Anaita tena. Sasa anakuja mwenyewe, nasikia viatu – na mimi bado ninatafuna.