Diski ya dada wa Mzumbe

Jumanne usiku

Kaka Shabani, fundi mwenzangu dukani, leo kaniita tena Profesa wa Darasa la Saba. Kisa diski ya dada mmoja mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mzumbe. Kompyuta yake ya Windows imekufa na utafiti wake wote umo humo. Tuliitoa diski tukaiunga kwenye mashine yetu, lakini Linux yetu haikuitambua, ikabidi tuijenge upya kerneli, kiini cha mfumo.

Shabani alitaka iweze kusoma diski na kuiandikia pia. Nikamwambia, "Kaka, tuweke kusoma tu." Maelezo ya kerneli ni ya Kiingereza, niliyasoma kwa kamusi, yanasema kuandika kunaweza kuharibu diski.

"Haya, Profesa."

Diski ikafunguka. Shabani kwa haraka zake akabonyeza kufuta folda ya utafiti, akidhani ni ya kwetu. Mashine ikakataa: diski ni ya kusoma tu.

Akanipisha kiti. "Nakili wewe, mdogo wangu."