Majirani wa Nzau

Jumamosi, muhula wa tatu, 1987

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye vitabu. Mvua bado. Nimefua sare yangu kwa nusu karai ya maji, sasa nimekaa nyuma ya bweni niandike mambo ya wiki hii kabla sijaanza kuyapamba.

Nilifanya kosa, na samaki mmoja akafa.

Katika maabara ya biolojia tuna tangi la kioo, na ndani yake alikuwa akiishi samaki mmoja tu. Mwalimu Ndunge alitumiwa samaki huyo na kaka yake aliyeko Mombasa. Alimpokea stesheni ya Emali akiwa ndani ya chupa, akaja naye mpaka hapa Mbumbuni akiwa ameipakata chupa kama mtoto. Kitabu kinamwita beta, samaki mpiganaji. Sisi tunamwita Nzau, yaani fahali kwa Kikamba. Ni mwekundu, mapezi yake yananing'inia kama kitambaa, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumtunza.

Jumamosi iliyopita mwalimu mkuu, Bi. Syombua, aliingia maabara. Alitazama tangi, kisha akatutazama sisi. Madebe mawili ya maji ya mvua kwa samaki mmoja, wakati kila msichana anapewa ndoo moja kwa siku.

"Huyu bwana anaishi kama waziri," alisema. "Darasa zima linajifunza nini kwa samaki mmoja? Mtafutieni wenzake muwe na kitu cha kusoma, la sivyo Jumamosi ijayo hayo maji yaende kwa mboga za sukuma."

Hakusema Nzau angeenda wapi. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Sote tulijua yangemfanya nini.

Jumatatu Mwalimu Ndunge aliandika kanuni ubaoni. Mwenzake Nzau asiwe na mkia mrefu wala rangi kali. Asiwe na tabia ya kudokoa mapezi ya wengine. Afadhali awe wa kukaa chini, kwa sababu Nzau hupenda juu. Kisha akaniachia ufunguo wa maabara, akaenda Machakos kwa semina ya walimu.

Konokono wa bwawani niliwakataa mwenyewe, kwa sababu ya kichocho. Tilapia wachanga wangekua wakamzidi mwili. Wakabaki wale samaki wadogo ambao mtu wa afya aliwaweka kwenye tangi la zahanati ili wale viluwiluwi vya mbu. Muuguzi aliniruhusu kuchota ndoo moja, Jumanne baada ya masomo. Majike ni wa kijivu, wana tumbo la mviringo na mkia mfupi. Madume ni wembamba, na mikia yao ina rangi kama leso mpya.

Rafiki yangu Mwende aliinama juu ya ndoo.

"Wee Mutheu, hawa wa kijivu utamwonyesha nani? Madam atadhani ni uchafu wa tangi."

"Kanuni iko kwa ubao."

"Ubao hauji kukagua Jumamosi."

Nilicheka. Nikachagua madume wanne.

Ningeweza kuandika hapa kwamba Mwende alinishawishi. Si kweli. Nilitaka Bi. Syombua asimame mbele ya tangi na kuuliza, nani alichagua hawa?

Na nilijiona nina njia. Baba yangu akinunua mbuzi kutoka Tseikuru, hamwingizi zizini siku hiyo hiyo. Humfunga nje, karibu na miiba, siku mbili. Wale wa ndani humnusa, hupiga pembe kwenye ua, huchoka. Siku ya tatu wanakwenda malishoni pamoja. Kwa hiyo niliwatia wale wanne katika chupa ya mdomo mpana, nikatoboa kifuniko, nikaisimamisha ndani ya tangi.

Nzau alivimba mashavu, akatandaza mapezi yote. Alisimama mbele ya ile chupa Jumatano nzima. Hakugusa chakula. Katika daftari la maabara niliandika: Anazoea.

Alikuwa anajiandaa.

Alhamisi saa kumi nilifungua kifuniko. Kabla sijamaliza kupangusa mikono, mkia wa kwanza ulikuwa vipande. Niliwatoa kwa kichujio cha chai, lakini walikuwa wepesi. Nikawaweka kwenye beseni. Ijumaa asubuhi mmoja alikuwa anaelea.

Mbuzi mgeni ni mbuzi tu. Kwa Nzau, mkia wa rangi ni fahali mwingine, na nilimfungia fahali mwenzake mbele ya macho siku mbili. Mwalimu alikuwa ameyaandika yote kwa chaki. Nilikuwa nimeyanakili kwa mwandiko mzuri.

Nilimzika yule samaki chini ya ua wa maabara kabla wenzangu hawajaamka. Wale watatu niliwarudisha zahanati, nikaja na majike watatu. Nikapanga mawe na kipande cha chungu kilichovunjika wapate pa kujificha. Nzau aliwasogelea mara moja, akawazunguka, akarudi juu. Jioni alikula.

Leo saa nne Bi. Syombua akaja. Aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa kioo.

"Jumatano nilipita dirishani nikaona wanne kwa chupa. Tena wa rangi."

"Hao si wale, Madam." Nikamweleza. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini sikuruka kitu.

"Aliyekufa yuko wapi?"

"Nilimzika chini ya ua, Madam."

"Kwa nini?"

"Ili nisiulizwe."

Alivua miwani, akaifuta kwa leso.

"Maji yabaki wiki moja," alisema. "Yale mnayobadilisha mpeleke kwa sukuma. Na mwingine akifa, usimzike. Niletee ofisini, tuandike alikufa kwa nini."

Basi. Hakunisifu, hakunigombeza. Kwa hiyo Nzau ana wiki moja, na mimi pia.

Mchana nimekwenda kuwatazama mara mbili. Wawili wako chini ya kipande cha chungu. Wa tatu hutokeza, hula mabaki, hurudi. Nzau anamwona na kumwacha, angalau kwa sasa. Daftarini nimeandika hayo tu, bila kusema anazoea.

Mwalimu Ndunge anarudi kesho. Nitamwonyesha ukurasa wa Jumatano kabla hajauliza. Na nikikuta mmoja amekufa, nitambeba kwenye kiganja, nivuke uwanja mchana kweupe, nibishe mlango wa ofisi.