Vipande Vikubwa vya Sauti

Jumapili

Leo mwanangu Patrick alipiga simu ya intaneti kutoka Mitwaba. Akanishawishi nibadilishe mpangilio wa simu aliouacha baba yake, ule wa kutuma sauti kwa vipande vikubwa vinavyochelewa. "Mama, tukate sauti mu vipande vidogo, tutaacha kungojana."

Kweli sauti ilifika upesi. Lakini vipande vidogo ni vingi, kila kimoja kinabeba anwani yake, na laini ya kule ni nyembamba, basi ikajaa na vingine vikapotea njiani. Nilimuuliza kama atakuja kumaliza matanga ya baba yake. Nikasikia "n... ma..." tu.

Nikarudisha vipande vikubwa. Marehemu alikuwa akinishika mkono tulipokuwa tukingoja jibu, nisimkatize mtoto.

Nikauliza tena. Nikangoja jibu, mkono wangu uko mezani peke yake.

"Ntakuya, mama. Unipikie bukari na sombe, usisahau pilipili."