Maji Yalikuwa Yanakwenda Wapi

Karatu, Jumamosi ya pili ya Julai. Baridi, na sasa hivi mvuke unatoka kinywani hata nikiwa ndani.

Asubuhi ukungu uliteremka kutoka Kreta, huko juu kwenye hifadhi ya wanyama, ukaukalia mji. Magari ya watalii yalipita barabarani yamewasha taa, na kila dereva alionekana kujua anakokwenda. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nimevaa sweta mbili, boneti iko wazi, kitambaa mkononi.

Ndivyo Jumamosi zangu zilivyo tangu nihamishiwe hapa kutoka Korogwe. Kaka yangu alipokwenda masomoni nje aliniachia gari lake dogo, na pamoja nalo akaniachia masharti: tazama oili, tazama maji ya rejeta, tazama breki na upepo wa matairi, na usipitishe wiki bila kuliwasha, betri itakufa. Sijawahi kupitisha. Nalikagua, naliongezea maji, nalifuta mpaka chini ya boneti, naliwasha, nakaa ndani likinguruma. Kisha nalizima.

Siendi popote. Ofisini nafika kwa miguu, na kwingine sina.

Majirani wameshanibatiza jina: Dada Mpasha Gari. Wanalitamka kwa uso mzuri, nami hucheka nao, halafu naingia ndani na kufunga mlango.

Lakini leo nilikuwa na pa kwenda.

Paskalina ndiye karani mwenzangu masijala, meza yake inatazamana na yangu. Leo mtoto wake wa kwanza alikuwa anabatizwa kijijini kwao Buger, huko kilimani. Alhamisi alikuja akasimama mbele yangu bila faili lolote mkononi, jambo ambalo lilinishtua. Gari waliloahidiwa limeharibika. Bibi yake goti linamsumbua, hawezi kupanda pikipiki, na mjomba wake ndiye msimamizi wa ubatizo. Wote wawili wako kijiji cha Qurus. Je, ningeweza kuwachukua? Padri hufika kigangoni kwao kwa nadra, na akimaliza misa anaondoka kwenda kigango kingine. Msimamizi asipokuwepo, mtoto atasubiri tena, nani ajuaye mpaka lini.

Nilitaka kukataa. Nikasema ndiyo, kwa sababu tangu nifike hapa hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu isipokuwa faili.

Usiku wa kuamkia leo nililala vibaya. Niliota breki.

Qurus niliwakuta wameshajipanga nje. Bibi alikuwa amejifunga shuka jipya na kukumbatia kibuyu cha maziwa kama vile na chenyewe kinakwenda kubatizwa. Alinisalimia Kiiraqw, nikamwamkia kwa Kiswahili, tukaelewana. Mjomba, Mzee Bura, alivaa koti la suti na kofia, akalizunguka gari mara moja.

"Karani, hili ndilo lile linaloota moto nyuma ya nyumba?" akauliza. "Paskalina ametuambia. Haya, leo litaota njia."

Aliwahi kuendesha trekta mashambani miaka mingi, akanieleza hayo yote kabla hatujatoka Qurus. Alikaa mbele. Kila nilipopunguza mwendo kwenye shimo alivuta pumzi kama anayehurumia. Nilishika usukani kwa mikono miwili na kuomba Mungu nisikutane na lori.

Kilima kilipoanza, mshale wa joto ulianza kupanda.

Mwanzoni nilijiambia ni macho yangu. Mimi ni mtu wa kuona mabaya kabla hayajafika, na nimejifunza kutojiamini. Lakini mshale haukurudi. Nilifungua hita kama kaka alivyonifundisha, ili joto la injini liingie ndani ya gari, nikashusha vioo. Bibi alicheka nyuma, akasema sasa ndiyo gari limekuwa jiko. Mshale ukatulia kidogo, kisha ukaendelea kupanda, na harufu tamu ya kuungua ikaingia.

Sikutaka kusimama. Nikisimama tutachelewa, na nikichelewesha ubatizo Jumatatu nitakaa vipi kwenye ile meza? Niliendelea mita chache zaidi nikiwaza hivyo, na nikiandika haya najua kwamba zile mita chache ndizo zinazoua injini. Kisha nikaona mahali penye tambarare kando ya barabara, mbali na kona, nikaegesha na kuzima. Taa za dharura, hendibreki. Nikashuka nikaweka mawe makubwa nyuma ya matairi, nikasogeza pembetatu ya tahadhari nyuma kabisa ambako dereva wa lori angeiona kabla ya kutuona sisi. Nilikata na matawi nikayalaza barabarani, maana huku mtu anaweza asijue pembetatu ni nini lakini tawi bichi katikati ya njia kila mmoja anajua: mbele kuna mwenzako amekwama. Nilimshusha Bibi nikamkalisha juu ya ukingo, upande wa shamba, siyo upande wa magari.



Niliporudi, Mzee Bura alikuwa ameshafungua boneti. Mvuke ulikuwa unatoka. Alikuwa amevua koti, amekunja mkono wa shati, na mkono ule ulikuwa unakwenda kwenye kifuniko cha rejeta.

"Lina kiu tu," alisema. "Leta lile dumu lako tulinyweshe, twende zetu. Padri hasubiri."

Nikasema, "Baba, bado la moto."

"Mwanangu, nimefungua rejeta kabla hujazaliwa."

Kaka yangu aliniambia rejeta ya moto haifunguliwi hata anayetaka kuifungua akiwa askofu. Maji ya mle ndani yamebanwa. Ukilegeza kifuniko yanaruka yote usoni. Na maji baridi ukiyamwaga kwenye injini inayochemka, chuma kinapasuka. Haya nayajua kama ninavyojua jina langu. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya mtu wa umri wa baba yangu, katika nchi ya kwao, siku ya sherehe yao. Hata ofisini sijawahi kumwambia mtu hapana.

Vidole vyake viligusa kifuniko.

"Usiguse!"

Nilipiga kelele. Si hivyo tu, niliushika mkono wake nikausukuma. Nilimsukuma mzee. Ng'ombe waliokuwa shambani waliinua vichwa.

Alinitazama. Bibi alinitazama. Nikaona dunia yangu yote ya Karatu, ambayo ni meza moja na mtu mmoja, inamwagika pale barabarani. Na kwa sababu sikujua la kusema, nikasema, "Shikamoo, baba."

Nilikuwa nimeshamwamkia kule Qurus. Kinywa chake kikajibu chenyewe, "Marahaba," kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Bibi alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika goti. Alimwambia mwanawe kitu kwa Kiiraqw, kisha akanigeuzia mimi Kiswahili: "Nimemwambia akae. Na sura hii hii aliyonayo tunaihitaji kanisani."

Mzee Bura hakucheka. Alikwenda kukaa kando yake, akanipa mgongo.

Tukasubiri. Sijui kama kuna upweke mkubwa kuliko kusubiri pamoja na watu uliowaudhi. Wao waliongea lugha yao taratibu. Mimi nilisimama karibu na gari nikijifanya nachunguza matairi. Upepo ulikuwa unaleta moshi wa mtu anayechoma mabua. Niliwaza kuandika barua ya kuomba kurudi Korogwe.

Injini ilipoacha kulialia, nikagusa ile paipu ya mpira inayotoka juu ya rejeta. Nilipoibonyeza ikabonyea, siyo ngumu tena. Nikalowesha kitenge changu, nikakikunja, nikakifunika juu ya kifuniko, nikasimama pembeni, uso mbali. Nikazungusha kidogo tu, nikaacha.

Hata baada ya kungoja kote kule, rejeta ilitoa mfoko wa mvuke. Fsssss, kitenge kikainuka kama kina mtu chini yake.

Mzee Bura alikuwa amegeuka. Alitazama kile kitenge, kisha akautazama mkono wake. Akavaa kofia, akaivua tena. Alikuja akasimama karibu nami.

"Maji unaongeza lini?" akauliza.

"Kila Jumamosi, baba," nikajibu, na nakiri kwamba nilijibu kwa majivuno kidogo. Ndilo jambo pekee ninalolifanya bila kukosa.

"Kila Jumamosi yamepungua?"

"Kidogo tu."

"Na hujajiuliza yanakwenda wapi?"

Gari zima haliombi maji kila wiki. Nalijua hilo, limeandikwa katika kitabu cha gari nilichokisoma mpaka nikakariri kurasa. Lakini nilivyokuwa naona, maji yakipungua kazi yangu ni kuyajaza. Nikiyajaza, Jumamosi yangu imekamilika.

Aliinama, akapitisha kidole chini ya ile paipu ya mpira, karibu na pale inapobanwa. Kilitoka na unga mweupe.

Maji ya Karatu yana chumvichumvi. Kila mwenye sufuria hapa anajua ule ukoko mweupe unaobaki chini. Basi hata yakivuja tone kwa tone yakakauka kwa joto, yanaacha alama pale pale yalipotokea. Mtu wa hapa akiona weupe huo kwenye paipu, anajua pana tundu.

"Ungeiona," alisema. "Huwa inajitangaza."

Niliiona.

Niliiona kila Jumamosi. Nikaifuta. Nilidhani ni uchafu, na mimi sipendi uchafu, kwa hiyo kila wiki nilichukua kitambaa changu safi nikaifuta ile alama, na gari likang'aa.

Nilimwambia. Sijui kwa nini nilimwambia. Safari hii alicheka, lakini kicheko kile hakikuniuma.

Alikwenda kwa dereva wa pikipiki aliyekuwa amesimama kututazama akamwomba mpira wa kufungia mizigo, akauzungusha kwenye lile tundu, tabaka juu ya tabaka, akaubana kwa mikono yake mikubwa mpaka mishipa ikasimama. Nikamimina maji polepole, nikipumzika kila mara. Bibi aliuliza kama yakipungua tuongeze maziwa. Dumu lilipokwisha akasema, "Basi, hili limebatizwa kwanza."

Kabla ya kuondoka nilirudi nyuma kuondoa mawe na matawi. Nilipogeuka nikamkuta Mzee Bura ameshika tawi la upande wa pili. Tuliyatupa korongoni pamoja. Kisha tukapanda kilima polepole kama maandamano ya Mei Mosi, yeye akiutazama mshale na mimi nikitazama barabara.

Padri alikuwa bado yupo. Paskalina alinieleza baadaye: misa ilipokaribia kwisha wanakwaya waliambiwa hatujafika, basi wakaimba wimbo wa shukrani, ukaisha, wakaurudia, ukaisha tena, wakauanza upya kwa sauti nyingine. Padri alijua. Alikuwa amekaa amefumba macho, anatabasamu. Tuliingia Bibi akiwa katikati yetu na kibuyu chake, na kwaya ikanyamaza mara moja, nadhani kwa kuchoka.

Mtoto hakulia maji yalipomgusa. Mzee Bura alimshika kwa mikono ileile, iliyo myeusi kwa masizi ya injini, mizima yote miwili. Niliitazama ile mikono kuliko nilivyomtazama mtoto.

Chakula kilikuwa kingi na lugha ilikuwa yao. Nilikaa kidogo, kisha nikatoka nikaenda kuchungulia chini ya gari. Palikuwa pakavu. Nilibaki nimechuchumaa pale hata hivyo, kwa sababu ni rahisi kuchuchumaa kando ya gari kuliko kukaa kati ya watu wanaocheka jambo usilolijua. Paskalina akanifuata na sahani. "Wewe umekuja kwa mtoto au kwa gari?" Akanipa mtoto nimshike, akaondoka. Sikujua kumshika. Nikashika tu.

Wakati wa kurudi walibaki wote huko. Nimeteremka peke yangu kabla giza halijaingia, gia ndogo, mguu mwepesi kwenye breki. Gari lilikuwa kimya bila kicheko cha Bibi. Nilidhani nitafurahi kufika nyumbani, lakini nilipoliegesha nyuma ya nyumba nilikaa ndani kwa muda, kama Jumamosi zote.

Paipu inabadilishwa Jumatatu. Mzee Bura amesema atakuja mjini tusimame naye kwa fundi, nisije nikauziwa ya trekta. Sijui kama atakuja. Watu husema mambo mengi siku ya sherehe.

Mama amepiga simu sasa hivi, kama kila jioni. Huniuliza, "Hujambo? Huko kwema?" na mimi humjibu kwema, mama, kwema kabisa, nikikaza sauti ing'ae. Leo ameuliza, nikafungua kinywa kusema hivyohivyo, na neno halikutoka.

Nikamwambia niko peke yangu sana huku.

Halafu akaniuliza, tangu lini? Nikamweleza yote, mpaka salio lake likaisha, akaazima simu ya jirani akanipigia tena.

Kitambaa nimekifua na kukianika. Kesho sitakishika kwanza. Nitafungua boneti nitazame.