Sauti ya Marehemu, Jina Langu

Mbona hupokei simu? Nimetoka kwa mpelelezi sasa hivi.

Zile sauti mama watoto alizomtumia msimamizi wa kiwanda, akimwambia mashine inapiga shoti, kabla haijamuua, zimo kwenye kompyuta yao. Lakini imeandikwa MIMI ndiye niliyesema. Mimi!

Eti wameletewa programu mpya, inapanga ushahidi kwa jina la mwenye laini. Na laini ya marehemu si unajua niliisajili mimi?

Kwa hiyo kwenye faili, marehemu hakulalamika hata siku moja. Kiwanda wameshaanza kusema alinyamaza mwenyewe, kosa lake.

Nikamwambia mpelelezi, "Fungua usikilize." Akafungua. Sauti ya mke wangu ikajaa chumba kizima. Sauti ya mwanamke, ndugu yangu! Na juu yake jina langu.

"Mzee, nasikia. Ila mfumo ndio umepanga. Kubadilisha mpaka wakubwa."

Wakubwa! Si ndio hao hao walionunua huo mdudu?

Nikamwambia, "Sawa. Kama mimi ndiye niliyelalamika, basi andika mimi ndiye niliyekufa. Yeye mnirudishie nyumbani."

Akageuka kuiangalia kompyuta kama vile itamjibia.