Nimetaja karata zangu mwenyewe

Sufiani, nimeaibika. Nimeaibika kabisa.

Leo walimu wenzangu hapa Kerege wamenikaribisha kucheza karata za poka, mara ya kwanza tangu nihamie. Dau ni korosho tu. Nilitaka wanione mwenzao.

Unajua nilivyojifunza maneno ya mchezo huo kwenye simu miezi mitatu, nikajaza daftari. Basi nikapata wafalme watatu na saba mbili, mkono mkubwa wa kushinda, nikasema, "Fulhausi!"

Kwa sauti, Sufiani! Hakuna aliyekuwa ameweka hata korosho moja.

Wote wakatupa karata wakajitoa, nisipate cha kushinda. Majaliwa, mmoja wao, akacheka, "Mwalimu, karata zinafichwa! Nani kakufundisha?"

Peke yangu chumbani huwa nagawa karata za watu wawili, nacheza zote mimi, huku nazitaja. Sijapata kuwa na mtu wa kumficha karata.